Mwendo wa Chambo

Guangzhou, Novemba 1998

Kwako mdogo wangu Hafidh,

Huku baridi imeingia, na Bimdogo, mama yetu mdogo, amehamia jirani yangu.

Jana nilirudi kwa laobani, mwenye duka aliyeniuzia vile vyambo vya plastiki nilivyokutumia, vya kurambazia nguru kwa kuvutwa nyuma ya boti. Alikivuta kimoja polepole kwenye beseni, kikacheza kama samaki hai. Alipokivuta kwa kasi, kikapinduka.

"Hiki hakitaki mbio," akasema. "Si nilikwambia?"

Aliniambia kweli, sikumsikiliza. Kisha nikakupigia simu: "Kimbiza boti, Hafidh!" Ukaikimbiza, wimbi likamrusha Baba, akavunjika nyonga. Nasikia umeacha kuvua, unajilaumu. Kosa ni langu. Msomee Baba barua hii yote, na hapa usiparuke.

Dada yako,
Muzdalifa