Daktari wa Ng'ombe Sikumwita

Mama,

Nilikukosea, tena mbele ya kanisa, na nataka niseme hiyo kwanza kabla sijakuuliza presha iko aje. Iko aje? Huku Timau mimi ni mzima. Baridi ni ya sweta mbili, lakini kazi ya kukata maua iko, na wenzangu ni watu wazuri.

Unakumbuka ile Jumapili ulitoa ushuhuda. Ulisema ng'ombe alianguka baada ya kuzaa, ukapiga magoti hapo kwa zizi ukaomba, na akasimama. Mimi nikaropoka kutoka nyuma: "Mama, usidanganye watu. Ni sindano ya kalsiamu. Mimi ndio nilipigia daktari simu." Watu wakacheka. Ukakaa chini, na dadangu Kendi ananiambia tangu hapo hujasimama tena kutoa ushuhuda.

Juzi nilikuwa nakunywa supu kwa Hussein, Mwislamu mmoja ako na buchari ya nyama hapa. Nikamwambia hiyo stori nikitaka acheke. Hakucheka.

"Simu ulipiga saa ngapi?"

Nikakoroga supu.

"Mutwiri, nauliza simu."

"Sikupiga."

"Sasa daktari aliletwa na nani?"

"Alikuwa anaenda kwa jirani. Akasikia mama akiomba, akaingia."

"Kwani aliomba kwa sauti gani, mpaka ikafika barabarani?"

"Wewe humjui mama."

Hapo ndio alicheka. Halafu akasema, "Basi mwongo ni wewe, na aibu umemwachia mzazi."

Ni kweli, Mama. Hata namba ya daktari sikuwa nayo.

Mimi bado naona ni kalsiamu ilisimamisha ng'ombe. Chupa ya dawa haikuwa imeisha na masikio yake yalikuwa yameanza kucheza. Lakini mwenye chupa kupita kwa geti yetu wakati wewe unaomba, hiyo siwezi kueleza. Wewe unaita muujiza. Mimi nasema sijui, na tangu nikubali sijui, nimekuwa na amani.

Nisalimie Kendi na watoto, mjomba Kirimi, na yule mama wa kwaya alikushika mkono siku hiyo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane niko na ofu kazini. Nitafika nyumbani Jumamosi jioni. Wakati wa ushuhuda wewe kaa tu. Nitasimama mimi, niseme daktari sikumwita na ukweli ulisema wewe. Pasta nimeshamwomba nafasi. Wakicheka, wanicheke mimi.

Mtoto wako,
Mutwiri