Mche Niliouficha Stoo

Jumanne, Kongowe ya Kibaha. Mawingu tangu alfajiri, na mvua hii wala hainyeshi sawasawa wala haikatiki. Maumivu yapo, ila leo yamekaa mbali kidogo, kama mgeni aliyeambiwa asubiri barazani.

Ninaandika nikiwa nimeegemea mito, simu juu ya goti. Mnaonisoma hapa mmezoea niwaandikie habari za mchicha, funza wa nyanya na namna ya kuozesha samadi. Muda mrefu sijaandika. Wachache mliouliza niko wapi, nawashukuru. Niko nyumbani. Nina saratani ya tumbo, na daktari ameacha kuzungumzia kupona. Mara ya mwisho alinishauri nikae karibu na ndugu.

Sikukaa karibu na ndugu. Niliotesha bangi.

Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana sina tena muda wa kuzunguka. Mimi, bibi shamba mstaafu, mjane, mzaliwa wa Kisarawe kwenye nyumba ya watu wa kuswali, nilikuwa na mche wa bangi ndani ya stoo yangu, chini ya balbu, mlango umefungwa na ufunguo nimeufunga pindoni mwa kanga. Sheria naijua. Dini naijua. Nilifanya nikijua.

Mbegu nilipewa kliniki na mama mmoja tuliyekaa naye benchi. Aliniona ninavyohangaika na kikombe cha uji, kila funda linataka kurudi. Akaniambia marehemu mumewe bangi ilimpa hamu ya kula, akanikunjia punje chache kwenye kipande cha karatasi. Sikumuuliza daktari. Niliogopa atasema hapana, na niliogopa zaidi namna atakavyonitazama.

Iliota moja tu.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo naona haya kuieleza. Majani mawili ya mwanzo, ya mviringo, yalifunguka kama viganja vya mtoto anayeomba dua. Kisha yakaja majani yenye meno. Halafu mambo yakaanza kuharibika.

Kwanza shina lilirefuka likawa jembamba kama uzi, likaanza kulala. Hilo halikunisumbua; mche unaokosa mwanga huufukuzia. Nilishusha balbu kwa kamba mpaka karibu na jani, nikaweka mgongo wa mkono chini yake kupima joto, nikaliegemeza shina kwenye kijiti cha ufagio. Lilisimama.

Halafu ncha za majani zikaungua, zikawa za kahawia na kujikunja. Nilijua pia. Nilikuwa nimechanganya udongo na samadi ya kuku ambayo haijapoa, kosa ambalo ningemkemea mkulima yeyote. Ningesingizia ugonjwa wangu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka. Nikauhamishia kwenye kopo jingine, udongo mtupu na mchanga na maganda ya mpunga, matundu chini ya kutosha.

Haukupona. Majani yakaning'inia, mazito, rangi ikaenda manjano kuanzia chini. Nilikagua chini ya majani kutafuta utitiri. Hakuna. Nilisogeza balbu juu, nikaishusha. Nilifungua kidirisha upate hewa. Kila siku nilikuwa na jibu jipya, na kila siku mche ulikuwa umeinama zaidi.

Leo asubuhi nilipoingia, nilikaa kwenye gunia la mkaa nikautazama kwa muda bila kuugusa, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu uote. Vinzi vidogo viliruka kutoka kwenye kopo. Udongo juu ulikuwa umeota ukijani. Nikatia kidole. Ulinuka kama dimbwi.

Mkononi mwangu kulikuwa na kikombe cha maji.

Nilicheka peke yangu mpaka tumbo likanikumbusha kwamba lipo. Zamani, nikiwa bado kazini, nilikuwa nasimamia vitalu vya mikorosho upande wa Maneromango. Kitalu kimoja kilinitesa. Kila nikienda nakuta miche imedhoofika, natoa maelekezo, narudi, nakuta imedhoofika zaidi. Wenyewe wanakitunza kwa moyo wote. Mwisho mama mmoja alinieleza kwamba wakisikia bibi shamba anakuja, kila kaya hutuma mtu na ndoo, ili nisikute udongo mkavu nikadhani hawajali. Barabara ilikuwa mbaya, mara nyingi nilikuwa natangazwa na sifiki, basi siku ya pili wanamwagilia tena. Miche ile ilikuwa inakufa kwa ajili ya heshima yangu.

Niliwafundisha kukaa mbali nayo. Leo mwenyewe nimezamisha mmoja.

Nao sikuuzamisha kwa kutojua. Kila maumivu yakiniinua kitandani, nilikwenda stoo. Kila simu ya mwanangu aliye Mwanza ikikatika, nilikwenda stoo. Na sikuweza kwenda mikono mitupu. Kwetu huendi kumwona mtu bila kitu, na mche utaupelekea nini zaidi ya maji?

Hilo ni nusu ya ungamo. Nusu ya pili ni hii. Mimi nimefundisha watu misimu maisha yangu yote. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mmea ule ungechukua miezi kunifaa, na miezi hiyo sina. Nilikuwa nimeshaacha kuuhitaji kama dawa kabla haujatoa jani la tatu. Niliuweka kwa sababu ulikuwa unanihitaji mimi.

Kwa ajili yake nilimfukuza mdogo wangu.

Mwanaidi ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Anaishi Maneromango, analima mihogo, na tangu apate habari za ugonjwa wangu amekuwa akiomba jambo moja: aje akae nami mpaka mwisho. Hakutumia neno mwisho, lakini sote tulilisikia. Alipokuja mwanzoni nilimwambia kliniki iko karibu, nitakwenda mwenyewe. Alipokuja tena nilimwambia nyumba ni ndogo, chumba cha pili kinavuja. Akasema atalala stoo. Nikasema stoo ina panya. Mtu ambaye tangu kuzaliwa amelala kwenye nyumba zenye panya, akanitazama, akachukua kikapu chake akarudi.

Leo mchana amekuja bila kupiga simu. Alibadilisha gari Kiluvya, kanga imelowa mpaka magotini, kichwani kikapu cha kisamvu kilichokwisha kutwangwa na godoro jembamba limefungwa kamba. Nilipoliona lile godoro nilijua hakuja kuomba.

Aliniamkia, nikaitikia. Akatua mzigo, akakamua upindo wa kanga pale mlangoni, akaanza kunisimulia habari za watu wa nyumbani kana kwamba tuliachana jana: nani kaoza binti, nani kauza shamba akanunua pikipiki na sasa anatembea kwa miguu. Nilicheka mahali pa kucheka. Kisha akanyoosha mkono.

"Dada, naomba ufunguo wa stoo."

Nilikuwa na uongo tayari. Ningeweza kusema umepotea, na angeuona umefungwa pale pale pindoni, na asingesema kitu, kwa sababu mimi ni mkubwa. Angelala sebuleni siku mbili kisha angeondoka, na safari hii asingerudi mpaka aitwe kuja kuniosha. Niliiona picha hiyo vizuri sana. Yeye na wanawake wengine wanatoa vitu stoo ili wapate nafasi, na pale katikati, chini ya balbu inayowaka, kopo langu. Angelifahamu jambo hilo mimi nikiwa siwezi kujibu.

Nikafungua fundo.

"Kuna bangi humo ndani," nikasema. "Ni yangu."

Hakupiga kelele. Aliuchukua ufunguo, akafungua, akaingia. Nilimfuata nikishika ukuta. Nilimkuta ameinama mbele ya kopo, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyezaliwa kabla ya siku zake.

"Hiki?"

"Hicho."

"Bibi shamba mzima." Alitikisa kichwa. "Umelisha wilaya nzima, hiki kimoja kimekushinda. Tena cha haramu."

Nilidhani tutacheka. Midomo yake ilikwishaanza. Halafu ikaacha, akaketi juu ya gunia la mkaa, pale pale nilipoketi asubuhi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umenikatalia mie kwa ajili ya hiki?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu, wala si kwenye bangi. Ningeweza kumweleza habari za hamu ya kula. Angenisamehe upesi, mgonjwa husamehewa. Lakini nilikuwa nimechoka kusamehewa kwa lisilokuwa kosa lenyewe.

Nikamwambia, "Hiki hakiniulizi naendeleaje."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Nikaendelea, maana nilikwishaanza. Nilimwambia kwamba kila anayeingia mlango huu huuliza, na mimi hujibu alhamdulillahi, naye huondoka ameridhika na mimi hubaki na ugonjwa wangu. Nilimwambia kwamba nilikuwa naogopa macho yake kila asubuhi yakinipima kama nimepungua. Kwamba maisha yangu yote mimi ndiye niliyekwenda kwa watu kuangalia nini kinawasumbua, na sijui kukaa nikaangaliwa. Kwenye stoo hii nilikuwa bado bibi shamba. Sikuwa mgonjwa wa mtu.

Aliniacha nimalize. Akajifuta uso kwa kanga iliyolowa, ikawa haikufuta kitu.

"Basi sitakuuliza," akasema. "Wallahi sitakuuliza. Ila hicho kitoke. Mie siwezi kuswali nyumba moja nacho."

Nilimwomba anisaidie kukitoa. Akakataa. Alisema kilichooteshwa na mkono wangu kitang'olewa na mkono wangu, kisha akatoka akaniachia mlango wazi.

Niliketi. Nililibana kopo katikati ya magoti, kwa sababu mikono haina nguvu, nikaupindua udongo kiganjani kama nilivyoupindua maelfu ya nyakati kuwaonyesha wakulima. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imelainika, kama nilivyotarajia. Lakini pembeni, karibu na maganda ya mpunga, mahali maji yalipokuwa hayatuami, kulikuwa na mzizi mmoja mpya. Mweupe. Mrefu kama ukucha.

Ungepona.

Ningeuacha wiki moja bila tone la maji, ungepona. Jibu langu la asubuhi lilikuwa sahihi. Sijui kwa nini nilihitaji kulijua hilo, lakini nilibaki nimeushika mpaka nikasikia Mwanaidi anamaliza Alasiri sebuleni. Kisha nikauvunja shina, nikautoa nje, na mvua ile, nikaufukia kwenye jaa la taka chini ya maganda ya ndizi. Balbu nimeizima. Kama kuna mwenye sheria anasoma hapa na ana shida na mimi, anikute upesi.

Niliporudi ndani nimelowa, mdogo wangu alikuwa mlangoni na kanga kavu. Alinitazama usoni. Nilimwona anafungua mdomo kuniuliza jambo. Nilimwona anakumbuka. Akaufunga, akanivika kanga mabegani, akaenda jikoni.

Tangu hapo hajaniuliza kitu. Amepanga upya masufuria yangu yote bila kuniuliza yanakaa wapi. Amechemsha kisamvu bila kuniuliza kama nitakula. Nimekula vijiko vichache na vimetulia. Ametandika godoro lake stoo. Sasa Magharibi imepita, namsikia anaongea peke yake, anailaumu nazi, anamlaumu fundi aliyejenga dirisha lile dogo. Nyumba hii haijawa na kelele hivi tangu mume wangu afariki. Inaniudhi. Ikinyamaza kidogo, nasikiliza kama ameondoka.

Nilichokitaka nimekipata: mtu ndani ya nyumba ambaye haniulizi. Na ni kizito kuliko nilivyodhani. Alipopita hapa mlangoni sasa hivi na taa, akanitazama mara moja, akapita, niligundua nimeshikilia pumzi nikimsubiri aseme.

Hatasema. Aliapa, na Mwanaidi akiapa ameapa.

Basi itabidi niseme mimi. Sijazoea, na sijui maneno yake yanaanzia wapi. Ila kesho akileta uji, kabla hajaweka kikombe chini, nitamwambia bila kuulizwa: naendelea vibaya, mdogo wangu, na naogopa. Kaa.