Kituo Kisichoitikia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na wanao, na kwamba goti la mama limeacha kumsumbua ngazini. Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenikimbia, kwa hiyo nisamehe kwa mwandiko huu wa kuku.

Kesho asubuhi naondoka kwenda kituo cha hali ya hewa, kile cha juu kwenye barafu nilichokusimulia. Gari litatufikisha njia inapokoma, kisha siku nne kwa miguu. Mwanzoni nilitamba karakana nzima, maana hakuna fundi mwanamke aliyewahi kupanda huko. Sasa majivuno yamekwisha. Begi nimelifungua na kulifunga mara tano, nikihesabu soksi kama mtu anayetafuta sababu ya kubaki.

Kule juu wanakaa wapimaji wawili. Mkubwa wao tunamwita Mcheshi, kwa sababu kila asubuhi redioni, kabla ya kutusomea vipimo vya upepo na baridi, lazima atoe utani mmoja. Mwenzake ni bwana mpole aliyeoa mwaka jana. Leo ni siku ya kumi na moja hawaitikii. Bosi anasema ni betri. Mafundi wote wanasema ni betri. Linasemwa mara nyingi mno, kaka, mpaka limeanza kunitisha.

Juzi alikuja kiongozi wa njia, mtu wa maneno ya kuhesabu, kukagua mizigo. Alisema wiki iliyopita alijaribu kupanda peke yake, dhoruba ikamrudisha, ila kabla ya kugeuka alikitazama kituo kwa darubini. Nikamuuliza aliona nini. Akajibu hakuona kitu. Nikasema basi afadhali. Akanikazia macho: "Fundi, pale pana bomba la moshi. Siku zote huwa naona moshi." Kisha akaongeza kwenye mizigo turubai mbili na kamba. Nilipomkumbusha kwamba mahema tunayo, alisema hizo si za mahema, akaendelea kufunga.

Jana mke wa Mcheshi alileta sweta nimpelekee mumewe, kubwa, la kijivu, kola ameifuma mara mbili. Alisema, "Mwambie watoto wamechoka na utani wangu, arudi na wake." Akacheka, nami nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya matangi ya mafuta, nikajificha mpaka alipoondoka.

Utasema ni woga wa safari. Nami ndivyo ninavyowajibu wote wanaoniuliza. Lakini wewe ni kaka yangu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuchaguliwa kwenda. Niliomba.

Unakumbuka siku mama alipotolewa hospitali, mkanikuta nimeshafika mlangoni, ukanisifu mbele ya watu kwamba mdogo wako ana moyo? Asubuhi ile mezani kwangu palikuwa na jiko la kupashia joto, la kituo hicho. Bomba lake lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nililiziba. Baada ya hapo fundi anatakiwa kuliwasha saa sita mfululizo akipima hewa, ndipo liruhusiwe kuondoka. Sikuliwasha hata dakika moja. Niliandika "limejaribiwa", nikatia sahihi, nikakimbilia basi. Hewa ya jiko lile ikivuja chumbani hainuki wala haionekani. Mtu hulala tu.

Leo mchana nilimweleza bosi yote. Alifunga mlango, nami nikawa nasubiri kufukuzwa. Badala yake alisema kwa upole, "Basi wewe ndiye unayefaa kwenda. Chukua bomba jipya. Mkifika, tangulia ndani, ulibadilishe. La zamani litumbukize kwenye ufa wa barafu." Akatoa kwenye faili ile karatasi yenye sahihi yangu, akanipa niichane mwenyewe.

Nikasema sawa, bosi. Kaka, nilisema sawa! Nikatoka pale nikijisikia mwepesi kama niliyetuliwa gunia la saruji, na wepesi huo unaniogopesha kuliko baridi yote ya huko juu.

Karatasi sikuichana. Nimeikunja ndani ya barua hii. Bomba jipya nitalibeba, kwa kuwa huenda wako hai na wanahitaji joto. Namwomba Mungu iwe hivyo. La zamani nimejiapiza kushuka nalo. Lakini najijua sasa. Mkono ulioandika uongo mara moja haushindwi mara ya pili. Kwa hiyo nikirudi nikakuambia ilikuwa betri, usiniamini. Mpelekee mke wa Mcheshi karatasi hii, hata nikikulilia, hata nikikupigia magoti. Jana nilitaka kumwambia mwenyewe, nikaishia kupokea sweta.

Mama usimsomee. Mwambie nimesafiri kikazi, na hapo hutakuwa umedanganya. Wifi na watoto wabusu kwa niaba yangu, kila mmoja kwa jina lake. Barua naipeleka posta sasa hivi kwa miguu yangu, kabla dirisha halijafungwa na kabla sijabadili nia.

Mdogo wako akupendaye,
Spana