Kabati la Harusi la Mama

Mjomba Fernand,

Nadai, na nitathibitisha, kwamba kwa kabati moja umemwibia dada yako na kumkana baba yako.

Mama hajambo, miguu imepungua kuvimba, na mitufaa imechanua. Bado anakutetea, ndiyo maana ninaandika mimi.

Mwezi wa Machi ulilikagua kabati la harusi alilochongewa na babu, ukatikisa kichwa: "Dada'angu, hizi kuni tu, wadudu wamezimaliza. Acha nikuondolee." Akakushukuru, akakumiminia na kahawa. Jumapili iliyopita nililikuta kwenye gulio la vitu vya kale hapa Bayeux, katika kibanda chako, liking'aa kwa nta, na kibandiko: "Karne ya kumi na nane." Jina la babu mgongoni mwa kabati ulikuwa umelifuta kwa msasa. Lakini maseremala wa kwetu hutia saini pia chini ya droo, nawe ulisahau kuigeuza. Niliigeuza mimi mbele ya wateja wako, nikasoma kwa sauti: "Anselme Lequertier, kwa binti yangu Odile, 1988."

Jirani yako wa kibanda, Bibi Huguette, akaangua kicheko: "We Fernand! Kumbe baba yako alikufa na miaka mia tatu?" Wateja wakaondoka. Sifichi kwamba nilifurahi.

Sasa chagua: kama ni kuni, unawadanganya wateja, kama ni hazina, ulimdanganya Mama. Jumapili saa nne asubuhi, simama mbele ya wauzaji wote ujibu kwa sauti. Mama nitamleta mwenyewe.

Mpwa wako,
Aurélien