Lori Dogo Mlangoni pa Mzee

Jumamosi, 8 Novemba

Sahani ya Mzee, baba mkwe wangu, imerudi tena imejaa. Ugali umemegwa pembeni kidogo tu, kama panya amepita. Sukuma wiki haikuguswa. Binti yetu Neema ameiweka mezani, nami nimeifunika. Kuku wa nyumba hii wanakula vizuri kuliko wenyewe.

Mume wangu Wekesa amefika kutoka kazini Bungoma na boksi kubwa limefungwa nyuma ya bodaboda. Nilidhani ni blenda niliyoomba tangu Pasaka. Ni lori. Lori la kuchezea lenye magurudumu manene, ila si kama yale ya plastiki ya sokoni. Lina injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, inakunywa mafuta yake maalum yanayoitwa nitro, na linaendeshwa kwa rimoti. Limetoka kwa rafiki yake wa Nairobi, jipya kabisa. Ati familia inahitaji kitu cha kufanya pamoja. Ati babake akisikia injini atatoka chumbani.

Wiki nzima nimesimamia mitihani ya kidato cha nne, nikitembea katikati ya madawati kama mlinzi wa benki. Miguu imevimba. Nilitaka blenda.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya kanisa, lori. Neema amesoma maagizo kwa sauti, na kwa miaka yake kumi na minne anayasoma kama hakimu. Injini mpya hailazimishwi. Tangi la kwanza inanguruma tu mahali pamoja, magurudumu yakiwa hewani, kisha inazimwa ipoe. Tangi la pili vivyo hivyo. Haraka yoyote inaiua. Wekesa akasema mafuta ya mkebe ni ya bei, kwa nini tusijaribu petroli ya pawa so, ule msumeno wa injini wa jirani. Neema akamsomea tena ukurasa ule ule, polepole zaidi.

Wekesa amevuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Haikuwaka. Amerudi Bungoma kazini na lengelenge lake.

Mlango wa Mzee haukufunguka. Yuko kwenye chumba cha uani tangu tulipomzika mama mkwe kule Kamukuywa. Alikuwa hapiki, hali, anakaa na redio tu, ndiyo tukamleta hapa Kitale. Tukamleta ndiyo, lakini ni kama nimeletewa mgeni asiyeonekana. Kwa Wabukusu, watu wa Wekesa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawali wakitazamana. Ni heshima. Miaka kumi na sita ya ndoa, nimemjua mtu huyu kwa mgongo na kikohozi. Chakula chake kinapelekwa na Neema. Nguo zake zinaletwa na Neema. Shati lina madoa ya uji kifuani kote, na kuyatoa ni kazi yangu.

Jumatano, 12 Novemba

Mtihani wa asubuhi tu. Nimerudi nikitaka kulala. Neema hakunipa nafasi. Lori linataka watu wawili: mmoja ashike kiwashio juu ya plagi na kuvuta kamba, mwingine awe na rimoti. Baba yuko Bungoma. Kwa hiyo mama, mwalimu wa Historia, akapiga magoti uani na sketi ya kazini.

Nikavuta. Nikavuta tena. Mlango wa Mzee ukafunguka upana wa kiganja.

"Neema, mwambie mama yako asivute kama anakamua ng'ombe. Avute fupi, haraka."

Tulikuwa hatua tano kutoka kwake. Namsikia vizuri kabisa. Neema akageuka, akaniambia kwa adabu zote, "Mama, Kuka anasema uvute fupi, haraka." Nikamwambia amwambie babu yake, huyo Kuka wake, nimesikia. Akamwambia.

Nikavuta fupi. Ikawaka.

Kelele ya nyigu elfu. Moshi wa buluu ukaingia kwenye nguo nilizoanika. Nimecheka, sijui kwa nini. Ndani ya kile chumba na yeye alicheka, au alikohoa. Kwa Mzee ni vigumu kutofautisha.

Jioni uji umerudi kikombe kitupu. Ugali umerudi mzima.

Jumamosi, 15 Novemba

Matangi yote ya kuilainisha injini yamekwisha. Leo limekimbia kwa mara ya kwanza, nusu mwendo, likizunguka turubai la mahindi yanayokauka. Neema anaendesha vizuri. Wekesa anaendesha vibaya na analaumu skrubu za kabureta.

Mzee ametoka. Ametoa kiti chake cha plastiki mwenyewe, amekiweka mlangoni, amekaa akiutazama ua wa michongoma ili asinitazame mimi. Lori likipita mbele yake anainua kidevu. Wekesa akampa bisibisi arekebishe mafuta na hewa. Akatia mikono mfukoni, akamwita Neema aichukue yeye, afanye kwa maelekezo yake. Robo mzunguko. Rudisha kidogo. Sikiliza. Sauti ikabadilika, lori likaruka kama limechomwa mwiba.

Wekesa amefurahi kupita kiasi. Anasema dawa imepatikana. Nimemwonyesha sahani ya mchana. Akasema, ah, polepole.

Polepole ya nani? Nimemwona Mzee kwa ubavu leo. Koti linamning'inia.

Alhamisi, 20 Novemba

Wekesa amepiga simu. Ndugu zake wamekaa kikao bila sisi. Mzee akiendelea kukonda hivi, arudishwe Kamukuywa mwisho wa mwezi, kama ni kufa afie kwake. Nikauliza nani atampikia kule. Akauliza hali ya lori. Nikauliza tena. Akasema, si vizuri watu waseme amekonda akiwa kwa mkaza mwana.

Kumbe ndiyo hayo. Watasema nilimnyima.

Nimepika ndizi, nimepika maharagwe, nimepika kuku wa kienyeji kwa mvuke mpaka nyama inaachana na mfupa. Nimepika likhubi, majani ya kunde ya Kibukusu, alivyolipika mama mkwe, na mimi Mnandi silijui. Vyote vinarudi. Nina hasira naye. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma. Nina hasira na mtu mzima anayekataa chakula changu na siwezi hata kumuuliza usoni kwa nini.

Jumamosi, 22 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Ndani ya lori mna betri nne ndogo zinazolifanya lisikie amri za rimoti. Zilikwisha asubuhi. Duka la karibu limefungwa. Mzee ana kawaida ya kuanika betri za redio yake dirishani zipate jua, maana wazee husema betri iliyoota jua hupata nguvu ya siku mbili tatu zaidi, na Mzee hapendi kukosa matangazo ya vifo. Marehemu baba yangu alifanya hivyo hivyo. Mzee akamwambia Neema achukue zile. "Ziko moto hizo. Ziko sawa." Na kweli zilikuwa moto. Hakuna aliyeona kosa, mimi nikiwemo.

Lori likaenda vizuri. Mzunguko, mzunguko mwingine. Neema akaliachia mwendo wote kwa mara ya kwanza. Ndipo zile betri chovu za redio zikazimia, na lori halikusikia tena amri. Likabaki na mafuta yamefunguka mpaka mwisho. Likapasua katikati ya mahindi, likarusha punje hadi kwenye paa, likaenda moja kwa moja mlangoni pa Mzee. Likagonga mguu wa kiti cha Mzee. Kiti kikakunjika, naye akaanguka.

Sikufikiri. Nilitupa ndoo nikakimbia. Nikamwinua kwa kwapa, kichwa chake kikalala kifuani pangu. Ni mwepesi kuliko Neema. Wekesa alikuwa amelalia lori lililopinduka, akitafuta mpira wa mafuta aubane. Ile sauti. Kisha likazimika, na sote tukaona nimemshika nani.

"Niache, mama," Mzee akasema.

Nikamwacha. Goti limechubuka tu. Ameingia, amefunga kwa komeo.

Jumapili, 23 Novemba

Hajafungua. Amemwambia Wekesa kupitia mlangoni kwamba apelekwe Kamukuywa. Hawezi kukaa mahali ambapo amekumbatiwa na mke wa mwanawe kama mtoto mchanga. Hana hasira na mimi, amesema. Ana aibu.

Nami je? Aibu yangu nani ameiuliza?

Neema analia, anasema ni yeye. Wekesa anasema ni yeye, kwa kuleta lori. Nimewaacha wagombanie lawama, nikaenda kuokota mahindi kwenye nyasi.

Wekesa amempigia shangazi yake wa Moi's Bridge, Senge, ambaye mambo ya mila yote yanapita mikononi mwake. Senge amecheka kwanza kwa muda mrefu. Kisha akasema mwiko uliovunjika kwa kuokoa mtu unafungwa kwa zawadi. Mzee atoe, mimi nitoe, tushikane mikono mbele ya watu, na baada ya hapo woga umekwisha kati yetu mpaka kaburini. Lakini Mzee lazima akubali.

Jumatano, 26 Novemba

Mzee amepokea chai tu. Amekunywa nusu, nusu imemwagika kwenye sinia. Lori liko chini ya meza, hakuna anayeligusa. Nimesimamia Kemia saa tatu nzima na sikuona mtu hata mmoja.

Wekesa ameshaongea na mwenye gari. Jumatatu Mzee anapelekwa Kamukuywa.

Jumamosi, 29 Novemba

Senge alifika kabla ya saa nne na hakubisha hodi. Alisimama mlangoni pa Mzee akaongea Kibukusu kwa sauti ya juu, sikushika yote. Nilishika mahali alipomuuliza kama marehemu mkewe angemwacha mke wa mwanawe aitwe muuaji huko sokoni. Komeo likafunguka.

Tulifanyia uani. Mimi nilitoa blanketi. Mzee alimtuma Wekesa akamtolee jogoo. Senge alishika mkono wangu, akashika wake, akaiweka pamoja. Mkono wa Mzee ulitetemeka ndani ya wangu na haukutulia. Nilidhani ni woga. Mimi pia niliogopa. Senge akapiga kigelegele kimoja, akaomba chai.

Mzee akaniita kwa jina langu. "Chepkemoi." Sikujua kama analijua.

Gari la Jumatatu bado halijafutwa. Wekesa anasema tuone kwanza kama atakula.

Jumapili, 30 Novemba

Leo nimepeleka sahani mwenyewe.

Chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani. Nikaweka sahani kwenye stuli, nikaketi kitandani kwa sababu hakuna kiti, kile kingine kilivunjika. Ugali, maharagwe, mchuzi. Hakugusa. Nikasema, "Baba, kula." Akatazama dirishani. Sikuondoka. Nimezoea kukaa na watu wasiotaka kuandika mpaka waandike.

Akamega tonge. Mkono ulipopanda ulianza kutetemeka, na kadiri ulivyokaribia mdomo ulitetemeka zaidi. Tonge likaanguka mapajani. Akaliokota. Likaanguka tena. Akaliweka sahanini, akafuta vidole taratibu kwenye suruali, na akaendelea kutazama dirisha kama mtu anayesubiri mvua.

Mtetemo ulianza kabla ya mazishi, amesema. Mkewe ndiye alikuwa anajua. Neema alijua pia, alimwapisha asiseme. Angemwambiaje mtoto wake wa kiume, na angemwambiaje mke wa mtoto wake? Uji unaweza kuushika kwa mikono miwili. Ugali huwezi.

Miezi yote hii nilidhani ananikataa.

Nilitoka nikanawa mikono, nikarudi. Nikamega tonge, nikalibonyeza, nikachovya mchuzi. Alifunga macho kwanza. Kisha akafungua mdomo.

Tumekula hivyo mpaka ugali ukaisha. Kesho asubuhi nitamwambia Wekesa tumpeleke hospitali, na gari la Kamukuywa litafutwa. Nimerudi jikoni mara mbili kuongeza mchuzi.