Kamera Ipi Uniletee, Dada

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili alasiri.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo, na Shemeji hajambo? Na mtoto, kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini ukimuuliza anasema goti ni lake, halikuhusu.

Asante kwa kuniuliza nataka ipi katika zile kamera mbili za filamu ulizoziona dukani huko. Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma: ile nzito, ya kufanya kila kitu kwa mkono. Mimi ninayepima viuno vya watu kutwa nzima nishindwe kupima mwanga? Ile nyepesi inayojipangia yenyewe niliiona ya wavivu.

Lakini nikudanganye ili iweje. Niliitaka nzito kwa sababu mdogo wetu Mwalimu anayo ya namna hiyo. Wivu unanila, Dada. Unaikumbuka picha niliyompiga Mama kwa simu akimwagilia maua, iliyotundikwa sebuleni juu ya redio? Mama ameitoa. Kwenye msumari uleule ameweka aliyopigwa na Mwalimu, yangu iko chumbani nyuma ya mlango. Kila mgeni akiingia anaoneshwa: "Hii kanipiga kitinda mimba wangu." Utadhani sisi wengine tulizaliwa na jirani.

Nikaazima kamera ya Mwalimu nijaribu. Alinipa pamoja na somo refu, na mimi ndiye niliyemfundisha huyo kufunga kamba za viatu. Nikamkalisha Mama karibu na dirisha, nikapima mwanga, nikazungusha lenzi, na kwa mazoea ya kazi yangu nikamwambia, "Kaa wima Mama, usipumue." Akatii, maskini. Filamu iliposafishwa, katika kila picha Mama alikuwa amekodoa macho kama anayengoja sindano. Mwalimu akazitazama moja moja, halafu akasema, "Mwanga umeupatia, dada." Bora angenitukana.

Baadaye fundi wa kamera wa hapa mtaani, ambaye nilimpunguzia suruali, aliniazima nyepesi moja, aina ileile uliyoiona wewe. Safari hii sikumpanga mtu. Mama alikuwa kitandani kwake anakunja nguo, mimi nimeegemea kabati nabonyeza tu. Mara akainua uso akacheka, kicheko ambacho sijakiona humu ndani tangu uondoke. Kidole changu kikawahi.

Picha imetoka safi. Mama aliitazama, kisha akaenda mwenyewe sebuleni, akashusha ya Mwalimu na kuitundika yangu. Nusura nipige vigelegele, mtu mzima mimi. Nikaanza kuwaonesha wateja, nikijifanya nawapitisha tu sebuleni kwenda kujaribu nguo.

Ni mteja mmoja aliyeniharibia. Aliuliza, "Mama anamcheka nani hapo?" Ndipo nikaiangalia sawasawa. Mama hanitazami mimi, Dada. Anatazama mlangoni, na sasa nakumbuka, aliyekuwa anaingia mlangoni wakati ule ni Mwalimu, na mkate wake kwapani. Picha ni yangu, kicheko ni chake. Sijamwambia mtu ila wewe, na nimekasirika hadi nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Basi niletee ile nyepesi. Nzito ni nzuri, siikatai, lakini ningekuwa bado nazungusha lenzi Mama akawa ameshamaliza kucheka. Na mimi nina hamu, Dada. Siku Mama atakayoinua uso akanicheka mimi hivyo, sitaki inikute napima mwanga.

Msalimie sana Shemeji, na mtoto umbusu mashavu yote mawili. Mama anasema mfunike kifua. Mwalimu naye anakusalimu, mzima wa afya na hana habari. Mungu awalinde na awarudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Fundi.