Kwa Nini Nilikufuata Uwanja wa Ndege

Mjukuu wangu Aisha,

Salaam nyingi kutoka Gitega. Sisi wazima, na mama yako amepata cherehani mpya.

Umeuliza kwa nini nilikufuata uwanja wa ndege ilhali tulikuwa tumegombana. Zamani, tukiishi Tanzania, kaka yangu Saidi aliamua kwenda vitani. Nilikasirika, nikajifungia chumbani.

Akabisha. "Dada, niage basi."

Nilinyamaza mpaka akaondoka.

Aliuawa akimbeba askari mwenzake aliyejeruhiwa. Huyo mwenzake alipona, akaja kutupa habari. Nikamuuliza kama Saidi aliwahi kunitaja.

"Sana, dada. Alisema siku anaondoka ulikuwa umelala, akaona asikuamshe."

Kwako nilikuja na hasira zangu zote, mwanangu, lakini nilikuja.

Bibi yako,
Zainabu